Nyimbo za Noeli za kwaya za vigango: mwaka huu tukienda nyumbani tuzitafute

#1 Besi wa Mlimani

Wakuu, heri ya Majilio, yale majuma ya kungoja Noeli, kwa mnaoadhimisha, na salamu kwa wanajukwaa wote.

Nyuzi za nauli zimeshafunguliwa, za bei ya mbuzi zipo, na ile ya kila mwaka ya nani anapanda mlimani na nani anabaki mjini nayo imejaa kurasa. Zote zina kazi yake. Mimi naomba hapa tuzungumze nyimbo. Sisemi zile zinazopigwa supamaketi tangu Novemba. Nasema nyimbo za Noeli walizotunga walimu wetu wa kwaya wenyewe, wakaziandika kwa kalamu ya wino kwenye daftari, zikaimbwa parokia moja au kigango kimoja (kanisa dogo chini ya parokia), na nyingi hazijawahi kuingia studio yoyote.

Mimi ni wa Kibosho, Kilimanjaro. Kwetu mazoezi ya Noeli yalianza Novemba, kabla Majilio hayajaingia. Mwalimu anakuja na chaki, anaandika ubaoni: Do ni G, sita kwa nane. Chini yake mistari minne: soprano, alto, tenor, besi. Nukta mbili zinatenga mapigo, kistari kinakuambia shikilia sauti, alama ndogo ubavuni mwa herufi inakupandisha au kukushusha oktavo. Hakuna kati yetu aliyekuwa na kinanda nyumbani. Lakini mkulima wa kahawa aliyeishia darasa la nne alizisoma zile d r m f s kama anavyosoma barua ya mwanawe. Kila sauti ilifundishwa peke yake kwanza. Besi tulipelekwa nje, karibu na tangi la maji, tukakaririshwa mstari wetu mpaka ukaingia, halafu ndiyo tunaitwa ndani kuunganisha. Mara ya kwanza sauti nne zinapokutana kwenye wimbo mpya, hata mwalimu aliyeutunga hunyamaza kidogo.

Wakatoliki wenzangu mnajua kwamba Jumapili zote nne za Majilio ule wimbo wa misa wa Utukufu hauimbwi. Kanisa linakaa na zambarau yake, nyimbo zimetulia, unangoja. Halafu misa ya mkesha padre anaanzisha Utukufu, na watumishi wa altare wanazipiga kengele zote kwa pamoja, ile kubwa ya mnarani inajibu kutoka nje, ngoma inaingia, akina mama wanapiga vigelegele, na kwaya inapokea. Kwa mtu aliyekaa wiki zote zile bila kuuimba, mwili unasisimka. Mimi mpaka leo, popote nilipo, Noeli kwangu inaanza hapo.

Sasa jambo lenyewe. Mwalimu wetu wa miaka ile alishatangulia mbele za haki. Alikuwa na Noeli aliyoitunga yeye, besi ndiyo inayoanza, wenzetu wanaingia mmoja mmoja. Niliiulizia kwenye kwaya ya sasa, vijana hawaijui. Nikaenda kwa mwanawe. Daftari zipo kwenye sanduku la bati, zile za shule zenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Baadhi ni nzima kabisa. Nyingine mchwa wameingia, ukurasa una soprano na alto, tenor na besi zimeliwa. Mwanawe hakuwa na ubaya wowote, hakujua tu kwamba mle ndani kuna kitu ambacho mtu angekuja kukitafuta.

Ndiyo maana naleta ombi. Mwaka huu mkifika nyumbani, baada ya ndafu na mtori, muulizeni mzee au mama aliyekuwa kwaya: "Mlikuwa mnaimba nini Noeli?" Rekodini. Pigeni picha hizo daftari. Na hapa uzini kila mtu atuambie kwao ilikuwaje: wimbo gani, nani aliuimba, siku yenyewe mliipitishaje. Wa dhehebu lolote, na asiye Mkristo pia karibu sana.

---

#2 Tarumbeta la Machame

Mkuu umegusa penyewe. Kwetu Walutheri wa Machame Krismasi ilikuja na tarumbeta. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na baadaye upigaji wa tarumbeta kwa sauti nne ukawa sehemu ya sharika zetu mpaka leo. Babu yangu alipiga, baba alipiga, mimi nilipewa ile ndogo nikiwa bado sijafika darasa la saba.

Wiki ya mwisho kabla ya sikukuu kazi yetu vijana ilikuwa kuzisugua kwa majivu na ndimu mpaka zing'ae. Mikono inanuka siku nzima. Tarehe 24 jioni watoto wa shule ya Jumapili wanasimama mbele kusema mistari ya Luka sura ya pili. Kila mtoto na mstari wake. Mdogo wangu alipewa ule wa Kaisari Augusto na orodha ya majina, akaufanyia mazoezi hata akikata majani ya ng'ombe. Alipousema kanisani bila kukwama, mama alilia waziwazi.

Alfajiri ya tarehe 25 tunapiga nje ya kanisa kabla watu hawajafika. Mlimani sauti ya tarumbeta inakwenda mbali, inavuka korongo. Watu walikuwa wanasema wameamshwa na sisi, na wanashukuru.

Nyimbo zetu nyingi ni za kitabuni, *Mwimbieni Bwana*, kwa hiyo maneno hayapotei. Kinachopotea ni zile sauti za kati ambazo wazee walizipamba wenyewe. Tenor ya babu haipo kwenye kitabu chochote.

---

#3 Kaseti ya Mzee

Niko Sinza, nimezaliwa Dar, sina kwaya. Nisikilizwe na mimi.

Krismasi ya kwetu ilikuwa Boney M na Jim Reeves. Baba alikuwa na kaseti mbili alizozifungia kabatini mwaka mzima. Jim Reeves ile ya nyimbo kumi na mbili ya mwaka 1963, na Boney M ya 1981. Zinatoka tarehe 24 mchana, mama akianza kuchambua mchele wa pilau, na zinarudi kabatini baada ya mwaka mpya. Betri zikichoka sauti inakuwa nzito, tunaziweka juani juu ya bati, zinapata nguvu ya kumaliza upande mmoja.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache sana. Siku hiyo alikuwa anaimba. Sauti yake ya kuimba sikuwahi kuisikia siku nyingine yoyote ya mwaka. Kwa hiyo wale wanaosema hizo ni nyimbo za supamaketi, kwangu mimi ni nyimbo za baba yangu.

---

#4 Besi wa Mlimani

Kaseti, nakuheshimu sana kwa hilo, na sikukusudia kuzidharau. Tena ngoja nikuongezee. Ule wimbo wa "Mary's Boy Child" ambao Boney M waliupiga mwaka 1978, Harry Belafonte aliurekodi kabla yao, 1956. Aliyeutunga ni Jester Hairston, Mmarekani mweusi, mwalimu wa kwaya. Aliutoa kwa ajili ya kwaya, Belafonte akausikia ukiimbwa na kwaya hiyo ndipo akauomba. Kwa hiyo ile kaseti ya baba yako nayo ilianzia kwa mwalimu wa kwaya na karatasi yake. Tofauti ni kwamba yule alipata mtu wa kuibeba karatasi.

---

#5 Mama Ulezi

Wanangu hamjambo. Mimi ni wa Rombo, nina wajukuu, naomba niseme upande wa jikoni maana huko nako kulikuwa na nyimbo.

Mbege ya Noeli, pombe yetu ya ndizi na ulezi, haipikwi siku moja. Ulezi unaloweshwa, unaachwa uote, unaanikwa, unasagwa. Ndizi mbivu zinachemshwa sufuria kubwa, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, unatia msesewa, gome chungu la mti, wa kukatia utamu, unachuja, halafu ndiyo unachanganya na uji wa ule ulezi ulioota. Ukikosea siku, Noeli inakukuta na mbege mbichi au iliyoharibika. Kwa hiyo sisi wanawake tulihesabu kurudi nyuma kuanzia tarehe 25, na wakati huo huo tuna mazoezi ya kwaya jioni. Tulikuwa tunachuja huku tunaimba alto. Yule mwenzangu akishika soprano, mimi nashika alto, mkono unakwenda na mapigo. Wimbo wa Noeli ulikuwa umeshaiva jikoni kabla haujafika kanisani.

Na pango. Pango la Noeli tulilijenga sisi na watoto wa utoto mtakatifu, kile chama cha watoto kanisani, majani makavu ya migomba ndiyo paa, na zile ndevu za miti za kijivu tunazitoa kule juu karibu na msitu tunatandika chini. Kondoo wa udongo. Mtoto Yesu hawekwi mpaka usiku wenyewe.

Siku hiyo baba wa nyumba anachinja, wanaukoo wanakuja, kila mtu anapata sehemu yake kwa kadiri ya heshima yake. Kata ya kwanza ya mbege anapewa mkubwa. Baada ya hapo ndipo kuimba kulipoanza upya, uani, bila mwalimu. Nyimbo zile zile za kanisani lakini polepole, na wazee wanaongeza maneno ya Kichaga hapa na pale.

Miaka ile ya mwanzoni mwa themanini, sukari hakuna, sabuni hakuna, kitenge ni cha kupanga foleni. Nguo za watoto zilisubiri malipo ya kahawa. Noeli moja malipo yalichelewa, watoto walivaa sare za shule. Tuliimba sana mwaka ule. Sijui kwa nini naukumbuka kuliko miaka ya shibe.

---

#6 Kaseti ya Mzee

Shikamoo mama. Asante kwa haya.

---

#7 Soprano wa Uru

Shikamoo Mama Ulezi. Hapo kwenye kuongeza maneno ya Kichaga umenirudisha kwa bibi. Hizo ndizo ambazo hazijaandikwa hata kwenye daftari, zipo kichwani tu. Ukienda kwa bibi na simu mwambie aimbe kama anavyoimba jikoni. Ukimwambia "imba nirekodi" ataimba ile ya kanisani.

---

#8 Binti wa Mkunazini

Assalaam alaykum ndugu zangu, nimekaribishwa basi naingia. Mimi Muislamu, nimekulia Mji Mkongwe, nyumba yetu haiko mbali na kanisa la Kianglikana la Mkunazini.

Kanisa lile lina Krismasi ndani ya historia yake. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, pale pale palipokuwa soko la watumwa, mwaka ule ule Sultani Sayyid Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga. Ibada ya kwanza ndani yake ikawa Krismasi ya 1877. Askofu wao, Steere, ndiye yule aliyekishughulikia sana Kiswahili, sarufi na tafsiri. Kwa hiyo Unguja watu wanaimba Krismasi kwa Kiswahili tangu zamani mno.

Nilipokuwa mdogo jirani yetu alikuwa bibi mmoja wa Kikristo, watu wa asili ya Bara waliokaa Unguja vizazi. Krismasi asubuhi inakuja sahani: pilau, vileja, na kipande cha mkate wa kumimina. Mama yangu hairudishi sahani tupu, haikuwahi kutokea. Ikifika Idi inakwenda ya kwetu. Jioni ya mkesha tulikuwa tunakaa barazani tunasikiliza kwaya. Maneno sikuyashika yote, lakini sauti zile zinapopanda kwa pamoja nazijua mpaka leo, naweza kuzivumisha. Bibi alifariki, wanawe wakahamia Dar. Sahani yake moja bado iko kwetu, mama hakubali itumike.

Nimesoma uzi huu nikafikiri: nani atawauliza wazee wa kwaya ya pale? Nikienda nyumbani nitauliza mimi. Nitapokewa, watu wananijua.

---

#9 Besi wa Mlimani

Binti wa Mkunazini, umenipa nguvu ambayo sikuitegemea. Nenda dada, na salamu zetu kwa mama.

---

#10 Mtu wa Machakos

Jameni hamjambo kutoka Kenya. Kwetu Krisi ni ushago, yaani nyumbani mashambani, na ushago ni chapati. Tarehe 24 wamama wako na unga, sisi tuko na baiskeli tukitafuta kuni, na nauli ya kutoka Nairobi iko juu hadi unafikiria kutembea. Lakini usiku wa kesha kwaya ya vijana ilikuwa inatoka boma moja hadi jingine, taa ya kandili mbele, kayamba, ngoma. Tunaimba nyimbo mbili tatu, tunapewa chai na chapati ya moto, tunaendelea. Tulikuwa tunachangisha kidogo ya kanisa. Boma la mwisho tunafika saa tisa usiku, na wanakuwa bado hawajalala, wanatungoja.

Nataka kuongeza jambo juu ya nyimbo. Katoliki kwetu tuko na kitabu, *Tumshangilie Bwana*. Lakini nyimbo nyingi za Noeli tulizoimba zilitoka Tanzania, zilikuja kwa fotokopi. Fotokopi ya fotokopi. Ile karatasi ikifika kwetu sehemu ya juu ilikuwa imekatwa na mashine, na hapo ndipo jina la mtunzi lilikuwa. Tumeimba wimbo mmoja miaka yote hiyo, tunaupenda sana, na hakuna mtu kwa parokia anajua ni wa nani. Labda ni wa mwalimu wako, Besi. Siwezi kusema siyo.

---

#11 Soprano wa Uru

Hili la majina kukatwa juu ni kweli kabisa. Mimi nina bahasha ya nyimbo nyumbani, karibu nusu hazina mtunzi. Watu wanaandika "Mtunzi: hajulikani" wakati mwenyewe yuko hai Singida anafundisha kwaya nyingine.

---

#12 Mwana Katanga

Salamu kutoka Lubumbashi, Kongo. Sisi tunasema Noeli, na tunaiunganisha moja kwa moja na Bonana, ndiyo mwaka mpya, watu wanafurahi wiki nzima.

Nataka wadogo wajue kitu. Wakati wa Rais Mobutu, mwaka 1974, serikali iliondoa Noeli kwenye siku za mapumziko. Tarehe 25 ikawa siku ya kazi. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekwisha kukatazwa miaka miwili mbele ya hapo. Wazazi wangu wanaeleza: baba alikwenda kazini asubuhi, na jioni kanisa lilijaa mpaka nje, watu na nguo zao za kazi. Mama anasema nyimbo za mwaka ule ziliimbwa kwa nguvu ambayo hakuisikia tena. Hakukuwa na kuku, hakukuwa na nguo mpya. Kulikuwa na kwaya.

Na habari ya ngoma kwenye Utukufu: Katanga tunajivuna kidogo. Missa Luba ilizaliwa Kamina, 1958, na padre Guido Haazen na vijana wake. Kilatini cha misa juu ya sauti na ngoma za kwetu, na hiyo ni kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikani, uliofungulia mlango muziki wa kienyeji kanisani, haujaanza. Na waimbaji wale hawakuisoma kwenye karatasi, waliijenga kwa kuimba. Bila ile santuri ingekwisha pamoja na wao.

---

#13 Mtu wa Machakos

Mwana Katanga, huku Kenya Muungano National Choir nao waliirekodi Missa Luba. Babangu alikuwa na kaseti yake. Ndugu yangu, huu muziki umetembea.

---

#14 Kijana wa Kinanda

Wakuu samahani, mimi ni mwalimu wa kwaya wa kizazi hiki, naona tunasemwa kimyakimya. Vijana wanapenda kinanda cha umeme, wanapenda kurekodi video wakiwa na sare, wanapenda nyimbo mpya. Ukiwapa za zamani wanasema zinaboa. Tufanyeje?

---

#15 Besi wa Mlimani

Kijana wa Kinanda, sikusemi kwa ubaya, umeuliza vizuri. Kinachochosha si wimbo wa zamani, ni namna unavyofundishwa. Mwalimu anachukua wimbo wa sita kwa nane, unaoyumba kama ulivyotungwa, anabonyeza mdundo uliomo tayari kwenye kinanda, nne kwa nne, anaulazimisha wimbo uingie humo. Lazima uboe, umevunjwa kiuno! Zima mdundo. Wape ngoma moja na kayamba, waache besi waanze peke yao. Nimeona vijana wanaobisha wakinyamaza mstari wa tatu.

Na nyimbo mpya tungeni, tena sana. Mwalimu wetu naye alikuwa mpya siku moja. Ila andika jina lako, mwaka na parokia, si juu ya karatasi tu. Andika na chini.

---

#16 Mmachame wa Leipzig

Nimekuwa nasoma tu, ila mmenitoa mafichoni. Ninaishi Leipzig, mji ule ule walikotoka wale wamisionari wa mwaka 1893. Ninatokea Machame, kwa hiyo Tarumbeta wewe ni wa nyumbani.

Desemba hapa Oratorio ya Noeli ya Bach, utungo mrefu wa kwaya na ala, inaimbwa kila mahali. Nikaifuatilia historia yake. Bach alikuwa kantori wa kanisa la Mt. Thomas hapa tangu 1723 mpaka alipofariki 1750. Ukiondoa ukubwa wa jina lake leo, kazi yenyewe tunaijua: mwalimu wa kwaya wa parokia, ana vijana wa kufundisha, ana Jumapili inayokuja na anatakiwa kuwa na wimbo. Hiyo oratorio aliitunga kwa sikukuu za Noeli ya 1734 mpaka Epifania ya 1735, sehemu sita, siku moja sehemu moja, kwa makanisa mawili ya mji huu. Baada ya kifo chake haikuimbwa nzima mpaka 1857, Berlin. Zaidi ya miaka mia. Iliwezekana kwa sababu karatasi zilikuwepo, alizirithi mwanawe, zikatunzwa. Na kantata zake nyingine nyingi zimepotea kabisa, wanajua tu kwamba ziliwahi kuwepo.

Nilipoliona lile sanduku la bati la Besi kwenye uzi huu sikuweza kukaa kimya.

Usiku wa mkesha hapa wanaimba Usiku Mtakatifu kwa Kijerumani. Nao ulikuwa wimbo wa kigangoni tu: Oberndorf, Austria, tarehe 24 Desemba 1818, maneno ya padre kijana Joseph Mohr, sauti ya mwalimu wa shule Franz Gruber, na gitaa. Mimi nauimba kwa Kiswahili, sauti ya chini, tenor ya baba. Mwaka jana mama mmoja wa Kijerumani aliyekaa benchi moja nami alinishika mkono tukamaliza hivyo, yeye kwa lugha yake mimi kwa yangu.

---

#17 Tarumbeta la Machame

Mmachame mwenzangu, ile tenor ya baba yako irekodi wewe mwenyewe leo hii, kwa simu, peke yako chumbani. Usingoje kuja nyumbani.

---

#18 Alto Aliyebaki

Habari za jioni. Hii ni Noeli yangu ya kwanza bila mama. Alitutoka Agosti. Alikuwa alto wa kwaya yetu tangu kabla sijazaliwa na mimi nilisimama karibu naye kila mkesha. Wenzangu wa kwaya wananiita mazoezini, sijaweza kwenda. Nikisikia alto inaanza nainuka natoka. Nimesoma uzi wote, nimeona niandike tu.

---

#19 Mama Ulezi

Pole sana mwanangu. Pole sana. Usijilazimishe. Mwaka niliompoteza mama yangu nilikaa benchi la nyuma kabisa na watu wa kawaida, sikuvaa joho, sikuimba. Nilisikiliza tu. Hakuna aliyeniuliza. Mwaka uliofuata miguu ilinipeleka mbele yenyewe. Mama yako alikufundisha mstari wake, haukuondoka naye. Ukiwa na daftari yake iweke mahali pakavu.

---

#20 Alto Aliyebaki

Asante mama. Ninayo. Ameandika pembeni kwa penseli mahali pa kuvuta pumzi.

---

#21 Kaseti ya Mzee

Pole ndugu yangu. Tuko pamoja.

---

#22 Msafiri wa Mbezi

Wakuu, mimi napanda tarehe 21 kutoka Mbezi, naenda Marangu. Babu yangu alikuwa mwalimu wa kwaya, yuko hai, ana miaka mingi. Nataka kuifanya hii kazi lakini sijui muziki hata kidogo. Nifanyeje ili nisiharibu?

---

#23 Soprano wa Uru

Huhitaji kujua muziki. Daftari usizilaze kwenye jua wala usibandue kurasa zilizoshikana. Kaa karibu na dirisha asubuhi, mwanga wa pembeni, bila flashi, simu iwe juu ya ukurasa sambamba, na ukurasa wote uonekane pamoja na kingo zake, maana mara nyingi tarehe na funguo viko pembeni kabisa. Piga na jalada. Kama kuna penseli, piga mara mbili, ya pili kwa karibu. Halafu mwombe babu aimbe kila sauti peke yake, anayoikumbuka, na aseme kwa mdomo wake: wimbo huu ni wa nani, niliutunga lini, tuliuimba wapi. Hiyo ndiyo sehemu ambayo karatasi haina.

Ukishapata, wako watu wanaoweza kuzichapa upya kwa programu za nota. Tovuti ya Swahili Music Notes ina hazina kubwa ya nyimbo za kwaya, kwaya nyingi zinachukua huko. Lakini kwanza mwombe ruhusa babu mwenyewe. Nyimbo ni mali yake.

---

#24 Besi wa Mlimani

Hapo Soprano amemaliza. Mimi naongeza moja: msafiri, usimkute babu siku ya tarehe 25. Siku hiyo wageni ni wengi, atakuwa na ukoo mzima uani. Fika mapema, umpe siku moja au mbili za kuikumbuka sauti yake. Wazee wakianza wimbo mmoja, wa pili unajileta wenyewe.

Mimi napanda tarehe 20. Nimekubaliana na mwana wa mwalimu tulifungue lile sanduku pamoja, na kuna mama wawili wa sauti ya tenor na mzee mmoja wa besi waliobaki wa kwaya ile. Zile kurasa zilizoliwa tutajaribu kuzijaza kwa kuwasikiliza wao. Ambaye ana wimbo wowote wa Noeli unaoanza na besi peke yake, Do ni G, sita kwa nane, na jina la mtunzi limekatwa juu, aniandikie. Mtu wa Machakos, wewe wa kwanza: nitumie picha ya ile fotokopi.

---

#25 Mtu wa Machakos

Iko kwa sanduku la kwaya, kanisani. Jumapili baada ya misa naipiga picha nakutumia. Ya kwetu inaanza na besi.